Diski Nne na Sauti ya Mama

Walikutana kwenye foleni, Jumatatu asubuhi, katika ule ukumbi wa maduka ya kompyuta ambako watu wanasukumana na kila mmoja anasema ana haraka kuliko mwenzake. Vioo vya kaunta vimejaa alama za vidole. Feni ya ukutani inazungusha joto badala ya kulipunguza. Kwenye kila mlango yupo mtu anayeita "bosi, karibu bosi", hata ukiwa umevaa kandambili.

Mwanamke alikuwa amevaa shati jeupe la kiume, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, suruali nyeusi, na raba zilizoshika vumbi la kumbi za watu. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Mtaani kwao walimwita Bi Harusi, kwa utani, kwa sababu kila Jumamosi alikuwa harusini na hata moja haikuwa yake. Mwanamume alikuwa nyuma ya kaunta ya mwisho, mrefu, mwembamba, koti lake la kazi la kijivu limejaa bisibisi mifukoni. Wateja walimwita Taratibu, maana ndilo neno alilokuwa akimwambia kila mtu anayemharakisha.

Bi Harusi alifika mbele, akamwaga mfuko wake juu ya kioo. Zikatoka soksi.

"Hizi ni nini?" Taratibu akauliza.

"Diski."

"Mimi naona soksi."

"Diski ziko ndani ya soksi. Zisigongane."

"Na soksi zimefuliwa?"

"Wewe ni fundi au mama mkwe?"

Foleni ikacheka. Taratibu naye akatabasamu, akainamisha uso ili asionekane.

"Moja imekataa kufunguka," Bi Harusi akasema, "na ndani yake kuna harusi ya watu. Mwenye harusi ananipigia simu mpaka nikiwa bafuni."

"Ipi?"

"Ya soksi nyekundu. Fanya upesi, kaka."

"Taratibu."

"Sina taratibu mimi. Nina harusi."

Taratibu akaichomoa kwenye soksi, akaisikiliza sikioni kama daktari, akabadilisha waya. Ikafunguka. Kwenye kioo cha kompyuta akaonekana bibi harusi wa watu anakata keki.

"Diski haina neno," Taratibu akasema. "Ni waya. Huu ni wangu, nimekuazima. Utaurudisha."

"Na nisiporudisha?"

"Nitakuwa na sababu ya kukutafuta."

Akaurudisha kesho yake. Mwenye akili anajua waya kama ule hauna mtu anayeulilia.

Basi wakapendana, na mimi sina ubaya na kupendana. Ninachotaka nyinyi mnaosoma mkione ni namna watu wawili wenye nia njema walivyoweza kupoteza kitu ambacho hakinunuliki, bila hata mmoja wao kusema uongo. Watoto wa siku hizi mnaogopa waongo tu. Mimi naogopa zaidi wanaonyamaza.

Simu zao zilikuwa hivi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Vumbi la ukumbi. Wewe?"

"Mimi nakula foleni ya watu waliomwagia kompyuta zao chai."

"Pole, Taratibu wangu. Nikija nikuletee nini?"

"Njoo na soksi zako."

Haikupita muda Taratibu akapelekwa nyumbani kwa kina Bi Harusi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya pili, sebule ndogo yenye pazia la buluu, jiko ambalo watu watatu wakiingia wa nne anabaki mlangoni. Mama wa Bi Harusi alikuwa mjane, mpishi wa shule kwa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa imezoea kuvuka uwanja mzima wa watoto. Alimsikia Taratibu kwenye ngazi kabla hajabisha.

"Huyo anayepanda kama anahesabu ngazi ni nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia. Mbona mwembamba hivyo, nyaya unazouza unazila wewe?"

Mdogo wake Bi Harusi, msusi, ulimi mwepesi, akaanza kumwita shemeji siku hiyo hiyo kabla hata soda haijafunguliwa. Taratibu alirudi kwake akiwa na furaha ya mtu aliyekwenda kuchunguzwa akakuta ameshakubaliwa. Lakini mama hakuwa amesema lolote juu ya kukubali. Alikuwa amemtania tu na kumpakulia chakula, na mama anayempakulia mgeni chakula anaweza kuwa anafikiria mengine kabisa.

Kisha sauti ya mama ikaanza kukwaruza. Wakasema mafua. Wakasema ni moshi wa jiko la shule. Wakampa asali. Walipokwenda hospitali, daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na aliwaweka wote watatu chini. Kuna uvimbe kooni. Ukiachwa unaua. Ukitolewa, kisanduku cha sauti kinatoka nao.

"Utaishi, mama," daktari akasema, "lakini hutasema tena."

Mama akaweka kanga sawa mabegani. Halafu akasema kwa ile sauti iliyokwaruza, "Basi nipeni nafasi niseme kwanza."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila asubuhi Bi Harusi alisimamisha kamera jikoni, akambania mama kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa gauni, akaweka mezani kile kinasa sauti chake cha harusini, na mama akasema. Alisema jinsi alivyokutana na baba yao. Alisema nani ni ndugu wa damu na nani ni ndugu wa chakula. Alisema mapishi, akasema maneno ya kumwambia mkwe mwenye kiburi, akaimba wimbo aliowabembelezea, akatukana kidogo, akacheka mpaka akakohoa. Wakati mwingine alimfukuza binti yake atoke, akabaki na kamera peke yake, akasema anayotaka kusikilizwa baadaye.

Video za kamera nzuri ni nzito. Diski za kwenye soksi zikajaa. Kompyuta ikawa inakwama kila Bi Harusi akitaka kumtazama mama: mdomo unafunguka leo, neno linatoka kesho.

"Mpenzi, hii mashine inanidhalilisha," alimwambia Taratibu kwenye simu. "Mama anasema 'mwanangu', inakwama kwenye 'mwa', nakaa nasubiri kama nasubiri matokeo ya kura."

"Nitakutengenezea kitu."

"Lini?"

"Taratibu."

"Usinitanie, operesheni ni wiki ijayo. Nataka kila kitu kiwe kimekaa vizuri kabla."

Akamtengenezea. Lilikuwa boksi jeusi la chuma, lenye nafasi nne mbele, kila nafasi inaingia diski moja kama droo, na taa ndogo ya kijani juu ya kila droo. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipoharibika, na si pagumu kuelewa. Boksi kama hilo unapoliwasha mara ya kwanza linakuuliza unataka diski zake zifanye kazi namna gani. Ukitaka usalama, kila kitu kinaandikwa mara mbili, diski moja ikifa nyingine inacho. Lakini nusu ya nafasi yote inakwenda kwenye hizo nakala. Ukitaka mbio, diski zote nne zinagawana kila kitu, nafasi yote ni yako, na video inateremka kama maji.

Taratibu alikaa mbele ya swali hilo na chai yake ikapoa. Akawaza ile "mwa" inayokwama. Akawaza video zilivyo nyingi na nusu ya nafasi isingetosha. Akachagua mbio. Alijiambia, nitamletea boksi la pili la nakala mambo yakitulia. Na akajiambia, zile diski ndogo bado anazo kwenye soksi zake, zimejaa, ndizo nakala zenyewe kwa sasa. Hakuwa mzembe. Mara ngapi alimsikia Bi Harusi akijisifu, "Mimi sifuti kitu cha mtu."

Siku aliyolileta, Bi Harusi alikuwa amevaa gauni la kijani lililomshika kiunoni, nywele amesukwa na mdogo wake, na manukato yamejaa sebule nzima. Akafungua video. Mama akaonekana jikoni, akasema "mwanangu" lote zima, akaendelea bila kukwama. Bi Harusi akamrukia Taratibu shingoni.

"Kwa hiyo ndani ya hili ziko nne?"

"Ziko nne."

"Basi leo nalala."

Taratibu akafungua mdomo amwambie. Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa fupi tu: usifute zile za zamani. Lakini mkono wake ulikuwa kiunoni kwa mtu anayecheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na mama akaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa, na shemeji msusi akaingia akisema jamani kuna watu humu tunaona haya. Wakaenda kula.

Jumamosi iliyofuata Bi Harusi alikuwa na harusi mbili. Alihitaji diski tupu na kadi tupu za kamera na za kinasa sauti. Akazitoa kwenye soksi, akazifuta zote. Moyo wake haukushtuka hata kidogo. Mama yuko kwenye diski nne, aliwaza. Mwenye vitu vinne haogopi kupoteza kimoja.

Wameshika mtungi wawili, kila mmoja amelegeza mkono akijua mwenzake ameshika.

Mama akafanyiwa operesheni. Akarudi nyumbani na kitambaa shingoni kufunika tundu la kupumulia, na kibao kidogo cha chaki, kwa sababu kuandika kwenye simu kulimchosha macho. Nyumba ikawa na ukimya ambao hawakuujua. Vyombo vilisikika. Maji kwenye bomba yalisikika. Asubuhi moja mama akaja sebuleni, akakaa mbele ya kompyuta, akaigonga kwa kidole. Alitaka kuisikia sauti yake.

Bi Harusi akawasha. Taa tatu zikawa kijani, moja nyekundu. Ndani ya boksi kukatoka mlio, tik, tik, tik, kama mtu anayefyonza meno.

"Mpenzi, boksi linalia," akasema kwenye simu.

"Linaliaje?"

"Tik, tik. Na taa moja ni nyekundu. Halifunguki."

Upande wa pili ikasikika bisibisi ikianguka juu ya kioo.

"Upo?"

"Zima. Chomoa na waya wa umeme."

"Mama amekaa hapa anasubiri."

"Zima, mpenzi. Nakuja."

"Lakini si moja tu iliyoharibika? Tatu si nzima?"

Bi Harusi alisikia tu mlango wa duka ukifungwa.

Safari hii alipanda ngazi mbio. Alilifungua boksi juu ya meza ya chakula, akaichomoa ile diski, akaiweka sikioni, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa jambo.

"Zile za kwenye soksi ziko wapi?"

"Zile? Kwenye begi. Zina harusi za watu."

"Na mama?"

"Mama yuko humu. Nilizifuta zile."

Taratibu akakaa chini, sakafuni, na koti lake la kazi.

"Kadi za kamera?"

"Nilifuta. Na za kinasa sauti. Kwani kuna nini? Ulisema ziko nne."

"Ni nne. Si nakala nne. Ni kitu kimoja kimegawanywa." Alisema polepole, anatazama mikono yake. "Chukua shuka, lichane mapande manne, wape watu wanne washike. Mmoja akitoweka na pande lake, shuka huna tena. Umebaki na matambara."

"Na wewe ndiye uliyelichana."

"Ili liende haraka. Ulitaka liende haraka."

"Nilitaka mama yangu asipotee. Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza kabla ya kufuta."

"Nikuulize nini, nikuulize kama mwanamume ninayemwamini ameniwekea mtego sebuleni?"

Neno hilo lilimkata. Akajibu vibaya, na yeye akajibiwa vibaya zaidi, na wote wawili wakasahau kwamba mwenye sauti amekaa pale pale, anasikia kila kitu na hana la kutoa. Mama akagonga kibao mezani mpaka wakageuka. Alikuwa ameandika: MSIGOMBANE JUU YANGU KAMA MAITI.

Bi Harusi akafuta uso kwa kiganja. "Toka, Fundi," akasema. "Chukua na boksi lako."

Alimwita Fundi. Tangu wapendane alikuwa hajamwita hivyo.

Siku zikaenda. Taratibu alimpigia, simu haikupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Diski iliyokufa aliipeleka kwa mafundi wa mji mwingine, watu wenye chumba kisichoingia vumbi. Wakaifungua, wakamtumia picha: uso wa ndani umekwanguka kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga. Hakuna kitu humo, wakamwambia, usipoteze safari.

Aliyempigia ni shemeji, akiwa saluni, kichwa cha mteja mapajani.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Nilipofika si pazuri."

"Dada hali chakula. Sikwambii ili uje, nakwambia ujue. Na mama ananiandikia kila siku neno moja, 'Taratibu?', na alama ya kuuliza."

"Mwambie nina tatu. Najaribu na hizo tatu."

Alijaribu kwa wiki nyingi, wateja wake wakalalamika, wengine wakahama. Picha alizikosa zote. Video ya kamera ile imebanwa sana ili ienee. Ukiitoboa kidogo inakataa kufunguka yote. Lakini sauti za kile kinasa cha mezani zilikuwa sauti mbichi, hazijabanwa, zimekaa kwenye diski vipande kwa vipande kama shanga kwenye uzi. Shanga tatu anazo, ya nne hana. Tatu anazo, ya nne hana. Akazipanga kwa mkono, na pale pasipo na kitu akaacha kimya cha urefu ule ule, ili nyingine zisisogee.

Akaenda nazo. Bi Harusi alifungua mlango akiwa na gauni lililopauka, nywele zimefumuliwa hazijasukwa, macho makavu.

"Sikuja kwako," Taratibu akasema. "Nimekuja kwa mama."

"Mama yuko jikoni."

Akaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, kati ya vikombe. Hakuahidi kitu. Akabonyeza.

"Baba yenu alikuja na baiskeli ya," ikasema ile sauti nzito, ya zamani, ya kuvuka uwanja. Kimya. "Akasimama pale kwenye kona, anajifanya anatafuta." Kimya. "Nikamwambia, kaka, huku hakuna mtu wa jina hilo, labda umwite."

Mdogo mtu, pale mlangoni, akashika mdomo. Bi Harusi aliegemea ukuta na hakuweza kukaa. Sauti ilikuwa ya mama mwenyewe, na imetobolewa mashimo sawasawa kama kitambaa kilicholiwa na wadudu.

Taratibu ndiye aliyeona kwanza. Hakuwa anatazama kompyuta, alikuwa anamtazama mama. Kila kimya kilipofika, midomo ya mama ilisogea.

Akasimamisha. "Mama," akasema, "baiskeli ya nani?"

Mama akachukua chaki. YA KUAZIMA.

"Ya kuazima?" Bi Harusi akasema. "Maisha yote tumeambiwa ilikuwa yake."

Mama akainua mabega. Wakacheka wote wanne, na mama akicheka hakukutoka mlio wowote ila pumzi tunduni, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Taratibu kabla ya kufungua duka alipita pale. Anabonyeza, anasimamisha, mama anaandika, Bi Harusi anarudia kwa sauti kwenye kipaza sauti ili shimo lizibwe, na sauti ya binti ikawa inashona sauti ya mama. Wapenzi wale walikaa pande mbili za meza kama watu wa ofisi. "Fundi, rudisha nyuma." "Hapa?" "Kidogo zaidi." Siku moja Bi Harusi akasema, "Rudisha nyuma, mpenzi," likamponyoka. Hakuna aliyegeuka. Mama akaanza kufunga upya kitambaa chake ambacho hakikuwa kimelegea.

Lakini maradhi hayakuishia kooni. Yalikuwa yameshashuka kifuani. Mikono ya mama ikawa mizito, herufi zikawa kubwa na chache, mara neno moja, mara nusu. Daktari yule mpole akawaambia wasimchoshe. Walikuwa bado na faili kadhaa hazijazibwa. Mama akafariki asubuhi ya siku ya kawaida, vyombo havijaoshwa, chaki iko kwenye mkunjo wa shuka.

Watu wa msiba walipoondoka na viti vya kuazima vikarudishwa, Taratibu alikuja na kompyuta na begi. Bi Harusi alikuwa sebuleni, amevaa nguo nyeusi iliyomzidi mwili.

"Kuna faili moja sikuwahi kuifungua mbele yenu," Taratibu akasema.

"Kwa nini?"

"Inanihusu mimi."

Bi Harusi akamtazama. "Bonyeza."

Ilikuwa moja ya zile asubuhi ambazo mama alimfukuza binti yake jikoni. Sauti ikasafisha koo. "Sasa huyu Taratibu wako. Mwanangu, nimemtazama sana huyu, anavyokula, anavyopanda ngazi, anavyokutazama ukiwa humwoni. Na mimi nakwambia kama mama yako, wewe na yeye." Kimya. Kimya hicho kilikuwa na urefu ule ule wa vingine vyote, pumzi moja tu, lakini kwenye sebule ile kilikuwa kirefu. Halafu sauti ikarudi. "Basi. Nimeshasema, na sirudii. Mnanijua."

Ikaisha.

"Uliisikia lini?" Bi Harusi akauliza.

"Wiki ile ya kwanza."

"Mama akiwa hai. Amekaa na chaki mkononi. Ulikuja hapa kila siku, ukamuuliza baiskeli, ukamuuliza majina ya shangazi, ukamuuliza chumvi kiasi gani. Hili ukaliacha."

"Niliogopa jibu. Nikasema nitaiweka mwisho, labda nitakuwa nimekwisha kupata ujasiri."

"Mara ya pili, Taratibu. Mara ya pili unanyamaza na mama yangu anaondoka na kitu."

Hakujitetea. Alitoa boksi jipya kwenye begi, akaliweka mezani na funguo zake: faili zote za sauti ziko humu, zimeandikwa mara mbili, na nakala nyingine iko kwa shemeji. Akasimama aende.

"Ungeweza kunidanganya," Bi Harusi akasema. "Ungeweza kuniambia mama aliandika 'ndiyo'. Hakuna ambaye angejua."

"Ningejua mimi."

"Keti."

Akaketi. Bi Harusi akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa nguo yake.

"Na mimi nilikuwa na mdomo," akasema hatimaye. "Nilimlisha, nilimwogesha, nililala pembeni yake. Ningeweza kumuuliza, mama, huyu nimwache au nimrudie? Sikuuliza. Nilitaka aniandikie mwenyewe bila mimi kuomba. Kwa hiyo usijibebeshe lote, litakuvunja." Akaukata ule uzi. "Nini kingine hujaniambia? Sema chote sasa. Nikigundua kimoja kesho, sitaki kukuona."

Akasema. Wateja waliohama. Kwamba duka lake linaweza kufungwa. Kwamba anaogopa simu yake ikilia asubuhi. Kwamba alikuwa akimsikiliza mama kazini peke yake, kabla ya mtu yeyote, na aliona aibu kama ameiba. Naye Bi Harusi akasema yake: kwamba harusi za watu zimeanza kumchukiza, kwamba aliwaambia ndugu wote kosa ni la fundi na hakuwaambia kwamba aliyefuta ni yeye. Mpaka jua likahama kutoka pazia la buluu kwenda ukutani walikuwa bado wanasema, na hakukuwa na neno tamu hata moja.

"Nikuulize sasa?" Taratibu akasema.

"Niulize. Lakini sitakujibu leo."

Alimjibu baada ya miezi mingi, na jibu lilikuwa ndiyo, ingawa kwa kusitasita. Nawaambia hili nyinyi mnaopeana mioyo na funguo na kila mlicho nacho: kuuliza si ujinga, na kumwambia mwenzako habari mbaya mapema si kumkosea. Sema wakati chakula kinapoa. Kipoe.

Walioana pale pale sebuleni, watu wachache, Bi Harusi na gauni jeupe la kawaida lililoshonwa na jirani. Wakati wa wazazi kusema maneno ulipofika, mdogo mtu alibonyeza ile faili. Hawakuwa wameliziba shimo lile. Sauti ya mama ikajaa chumba, wazee wakainua vichwa, shangazi mmoja akaanza kulia. "Wewe na yeye," ikasema, kisha ule ukimya ukafika. Bi Harusi alitazama mbele. Taratibu aliinamisha kichwa kama anasikiliza hukumu, mkono wake umeshikwa kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna mtu aliyekohoa.

"Basi," mama akasema. "Nimeshasema, na sirudii."